Nimepewa Jumapili tano za MotoGP kibanda umiza, nichague zipi?

FundiShokapu, Tandika
25 Januari 2026

Wakuu, habari za Jumapili. Swali langu fupi, maelezo yake marefu, nivumilieni.

Mimi ni fundi pikipiki. Gereji yangu ni turubai chini ya mwarobaini, si mbali na Devis Kona. Hilo jina la Shokapu nimebandikwa na vijana wa kijiwe, kwa sababu Boxer ikija inarukaruka kama mbuzi aliyeona kisu, mimi ndiye ninayeituliza. Mbio hizi za pikipiki, MotoGP, nimezijulia ukubwani. Mwaka 2024 mteja aliniachia simu niichaji wakati namfungia cheni, video ikawa inaendelea yenyewe: watu wanalalia kona mpaka kiwiko kinagusa lami, halafu wanainuka na pikipiki inatii. Nilikuwa na nati mbili mdomoni. Mtu akaja kuniulizia dereva wa kwenda Mbagala nikashindwa kumjibu.

Basi mwaka jana nikajitia kimbelembele. Nikamwomba mama mwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu anifungulie Jumapili ya tarehe 5 Oktoba, mbio za Mandalika, Indonesia. Kwetu zilianguka saa nne asubuhi, saa ambayo kibanda kimelala tu hakina kazi. Bando juu yangu, malipo ya kuangalia mtandaoni juu yangu, kiingilio jero. Wiki nzima nilikuwa nawahubiria madereva: kuna mtu anaitwa Marc Márquez, namba 93, mkono wake wa kulia umepasuliwa mara nne, watu walishamzika, akaacha mshahara mnono Honda akaenda kuendesha Ducati ya timu ndogo, na sasa Jumapili iliyopita tu kachukua ubingwa kule Motegi, Japani. Wa saba katika daraja la juu. Njooni mmwone.

Wakaja kumi na mmoja. Chai ikamiminwa, chapati zikagawiwa. Taa zikazimika, pikipiki zikaondoka. Mzunguko wa kwanza haujaisha, Marco Bezzecchi akamgonga Márquez kwa nyuma, wote wawili wakaenda kulala kwenye kokoto. Mtu wangu akainuka kashika bega. Kibanda kikawa kimya, nikasikia mtu anatafuna. Kisha sauti ya nyuma: "Fundi, huyo ndiye wako?"

Mbio alishinda Fermín Aldeguer, kijana wa miaka 20, na alishinda vizuri sana, lakini nani alikuwa ananisikiliza tena? Tangu siku ile naitwa Bingwa wa Chapati Moja.

Sasa juzi nimerudi kwa mama, nikamsihi. Amenipa Jumapili tano kwa mwaka mzima, masharti mawili: wasipungue watu ishirini, na mpira usiguswe. Msimu una mbio 22, unaanza 1 Machi kule Buriram, Thailand, unaisha Novemba Valencia, Hispania. Mimi nichague tano. Zipi? Na nimuuze nani kwa watu ambao hawajui hata jina moja zaidi ya yule aliyedondoka?

La mwisho. Nasikia 2026 ndio mwaka wa mwisho wa pikipiki hizi, 2027 zinakuja nyingine kabisa. Je, nisubiri 2027 ili nisipoteze nafasi zangu kwenye kitu kinachokufa?

---

BoxerNyekundu

Mkuu, mimi nilikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja. Kabla hujapewa ushauri, nirudishie jero yangu.

Halafu nielimishwe. Hizo pikipiki cc ngapi? Na kuna mkeka wake?

---

MzeeWaGerezani

Marahaba kwa wote watakaoamkia.

Kijana wa Boxer, cc ni 1000. Yako ni 150. Silinda nne, nguvu inakaribia farasi 300, na uzito wa chini unaoruhusiwa ni kilo 157. Mwaka 2023 pale Mugello, Italia, Brad Binder alipimwa kilomita 366.1 kwa saa. Kwa mwendo huo Ubungo mpaka Kibaha ni kama dakika tano, na foleni ya Mbezi haijakuona. Mkeka kaulize kwingine, mimi nauza spea.

Fundi, nianze na swali lako la mwisho maana ndilo ulilolikosea. Usisubiri. Nimekaa kaunta Gerezani miaka mingi kiasi kwamba nimeona mbio hizi zikibadilisha injini zaidi ya mara moja. Zilikuwepo 500 za kuchanganya mafuta na oili, zile zikiwaka unajua kwa harufu kabla ya sauti. Mwaka 2002 zikaingia 990. Mwaka 2007 wakashusha mpaka 800. Mwaka 2012 wakapandisha 1000. Mwakani wanashuka 850, matairi yanatoka kwa Michelin yanakwenda kwa Pirelli, yale mabawa ya kukamata upepo yanapunguzwa, na vile vifaa vya kushusha pikipiki vinapigwa marufuku vyote. Kila mara wakibadilisha, mwaka wa kwanza kiwanda kimoja kinapatia na wengine wanahangaika. Utamu uko mwaka wa mwisho, wakati kila mtu ameshajua mashine yake inataka nini.

Na huu wa mwisho una jambo lake. Ducati, Aprilia na KTM injini zao zimefungiwa tangu mwaka jana, hawaruhusiwi kuzichokonoa mpaka msimu uishe. Kwa hiyo tofauti utaiona kwa mtu aliyekaa juu. Halafu mikataba ya waendeshaji wengi inaisha mwishoni mwa mwaka. Unajua mwenyewe dereva wa hesabu anavyoendesha wiki ambayo tajiri anafikiria kumnyang'anya pikipiki.

Yamaha peke yao wanaruhusiwa kubadilisha injini, na wamebadilisha kweli. Miaka yote walipanga silinda nne kwenye mstari mmoja, sasa wameingia kwenye umbo la V kama viwanda vingine vyote. Fabio Quartararo, bingwa wa 2021, ndiye atakayeipigania. Na wamemleta Mturuki, Toprak Razgatlıoğlu, bingwa mara tatu wa Superbike, zile mbio za pikipiki zinazotokana na za dukani, mwenye kubana breki ya mbele mpaka tairi la nyuma linaelea hewani naye katulia tu. Jina gumu, lakini vijana wa kijiwe watampenda siku ya kwanza.

Wa kumuuza? Binder. Namba 33, KTM, mtu wa Afrika Kusini, Mwafrika pekee kwenye daraja hilo. Waeleze Austria 2021. Mvua inaanza mizunguko michache kabla ya mwisho, wenzake waliokuwa mbele wanaingia kubadilisha pikipiki zenye matairi ya mvua, yeye anabaki nje na tairi kipara. Kipara kabisa, lisilo na hata mfereji mmoja. Anateleza kama mtu anayetembea juu ya sabuni ya unga, na anashinda. Dereva yeyote aliyewahi kushikwa na mvua ya masika Buguruni na tairi limeisha ataelewa bila kutafsiriwa.

Mbio zenyewe nitarudi kuzitaja, kuna mteja hapa.

---

BintiKigamboni

Shikamoo mzee. Naheshimu kaunta yako ila kwa Binder unampeleka Fundi shimoni. Hadithi ya Austria ni tamu, nakubali, lakini ina miaka mitano kasoro. Mwaka 2025 haukuwa mwaka wake hata kidogo, ndani ya KTM aliyeibeba timu ni Pedro Acosta, na Acosta mwenyewe hajawahi kushinda mbio ya Jumapili katika daraja hili. Fundi akimpigia debe Binder halafu amalize wa kumi, atabadilishiwa jina tena.

Mimi ni mhasibu, naendesha skuta, kila asubuhi napanda nayo pantoni, na hesabu za mbio hizi naziweka kwenye daftari. Wapya wengi hawajui kwamba tangu 2023 kila wikendi ina mbio mbili. Jumamosi fupi, mshindi pointi 12. Jumapili ndefu, mshindi 25. Mwaka 2024 Francesco Bagnaia alishinda Jumapili 11, Jorge Martín akashinda tatu tu. Ubingwa ukaenda kwa Martín, kwa tofauti ya pointi 10. Ukiwaeleza watu hilo kabla, hawatakuuliza "mbona aliyeshinda siye anayeongoza."

Mwaka jana Marc Márquez alimaliza na pointi 545, mdogo wake Álex 467. Na kumbuka baada ya ile chapati ya Fundi, Marc hakukanyaga tena mbio nne za mwisho. Alikaa nyumbani na bega na bado hakuna aliyemfikia. Ndugu wawili kushika nafasi ya kwanza na ya pili haikuwahi kutokea daraja la juu. Hilo liuze! Kila mtu ana kaka.

Ila ubingwa wa 2026 mimi nampa Bezzecchi. Ndiyo, huyohuyo aliyemgonga. Namba 72, Aprilia, nywele timutimu. Alifunga mwaka kwa kushinda Portimão, Ureno, na Valencia mfululizo, na mashine ile imekuwa nzuri kila nusu ya msimu kuliko iliyotangulia. Kijiweni atakuwa adui, na kibanda bila adui hakijai.

Sasa ratiba, maana ndilo swali. Fundi, wewe unashindana na mpira, kwa hiyo anza na saa. Mbio za Ulaya wakati wa kiangazi chao kwetu ni saa tisa alasiri, hazizidi dakika 45. Ligi ya Uingereza Jumapili inaanza saa kumi. Unamaliza, watu wananyoosha miguu, mpira unaingia. Mama hapotezi hata dakika.

Buriram sahau. Tarehe 1 Machi tutakuwa ndani ya Ramadhani, na mbio ni asubuhi. Utamuuzia nani chai? Brazil nayo, 22 Machi, ni wikendi ya Idi. Kule Goiânia wako saa sita nyuma yetu, itakuwa usiku, watu wako kwa shangazi zao wanakula pilau. Inauma, maana Brazil haijapata mbio hizi tangu 2004 na kijana wao Diogo Moreira, bingwa wa Moto2, daraja la chini yake, ndio kwanza anapanda na Honda. Itazame kwenye simu.

Chukua Jerez, Hispania, 26 Aprili, Sikukuu ya Muungano. Chukua Mugello, 31 Mei: Ligi ya Uingereza inaisha tarehe 24, fainali ya Ulaya inachezwa Jumamosi ya tarehe 30, Jumapili hiyo kibanda hakina kitu kabisa. Assen, Uholanzi, 28 Juni. Ujerumani, 12 Julai. Na Valencia ya kufunga, ambayo kwa sababu ya saa zao za baridi kwetu itaanguka saa kumi, lakini mpira wa Uingereza nao utakuwa umesogea mpaka saa kumi na moja.

Najua mtu atasema Juni na Julai kuna Kombe la Dunia. Kombe la Dunia liko Marekani, Canada na Mexico! Mechi zake kwetu ni jioni, usiku na alfajiri. Mchana wote runinga ya mama imekaa inatazama ukuta.

---

FundiShokapu

BintiKigamboni, umenimaliza. Nimempigia mama simu hapahapa nikamsomea ile ya Kombe la Dunia, akasema, "Huyo dada aje awe mhasibu wangu."

Lakini naomba nirudi kwenye kitu kinachoninyima usingizi. Mzee umetaja vifaa vya kushusha pikipiki, ukapita. Mimi ni mtu wa shokapu, huwezi kunifanyia hivyo. Vinashushaje? Na pili: hiyo Buriram mnayoniambia niache, mwaka jana niliitazama marudio. Márquez anaongoza, hana mtu, ghafla anapunguza mwendo kabisa, anamwacha mdogo wake apite, anakaa nyuma yake karibu mbio nzima, halafu mizunguko mitatu kabla ya mwisho anampita anashinda. Kijiweni waliniambia ni mchezo umepangwa, ndugu wanapeana. Nikakosa jibu.

---

MzeeWaGerezani

Mteja ameondoka, alitaka klachi ya pikipiki ambayo kiwanda chake kilishafungwa.

Hiyo ya Buriram haikupangwa, ni upepo. Tairi la mbele lina kipimo cha chini cha presha, bar 1.8, kama 26 kwa ile geji yako. Kuna kitambuzi ndani ya rimu, hudanganyi. Katika mbio ya Jumapili lazima uwe juu ya kipimo hicho kwa asilimia 60 ya mizunguko, la sivyo unaongezewa sekunde 16. Sasa fundi unajua: tairi likipata joto, upepo unapanda. Aliye mbele peke yake anapigwa na hewa, tairi linapoa, presha inashuka. Aliye nyuma ya mwenzake anakula moto wa eksozi na hewa iliyochafuka, tairi linachemka. Márquez alianza na upepo mdogo akitegemea atakuwa katikati ya watu. Akajikuta mbele peke yake. Akaona kwenye dashibodi anaelekea adhabu, ikabidi aende akaote moto kwenye mgongo wa mdogo wake. Alipotimiza mizunguko yake akaondoka zake.

Usiposhtuka unaumia. Mwaka jana huohuo Qatar, Maverick Viñales alimaliza wa pili na KTM, watu wakashangilia. Baadaye wakasoma vipimo, sekunde 16, akajikuta wa 14. Kwa sababu ya upepo! Mimi hapa nauza geji, na kuna madereva wananiambia "Mzee, mimi napima kwa kuipiga teke."

Shokapu sasa. Unajua mishikaki? Ukipakia watatu ukapanda mlima wa Pugu, tairi la mbele linakuwa jepesi, usukani unacheza, ukivuta mafuta kidogo tu linainuka. Wao wana tatizo hilo kila wakitoka kwenye kona, maana farasi 300 wanataka kulinyanyua tairi la mbele muda wote. Dawa waliyobuni Ducati, wengine wakaiga: mwendeshaji akitoka kona anagusa kitufe, sehemu ya nyuma ya pikipiki inachuchumaa na kubaki chini. Uzito ukishuka chini, tairi la mbele halinyanyuki upesi, basi anaruhusiwa kufungua mafuta mapema zaidi. Akifika kwenye breki inarudi juu yenyewe. Kinyume cha mishikaki.

Ubaya wake ulionekana Silverstone, Uingereza, mwaka jana. Quartararo anaongoza, amewaacha kwa mbali, Yamaha ile iliyokuwa inachekwa. Kifaa cha nyuma kikagoma, pikipiki ikabaki imechuchumaa hata kwenye kona. Ikabidi aegeshe. Alilia mbele ya kamera kama mtoto aliyepotezwa sokoni Kariakoo, na Bezzecchi akashinda. Kwa hiyo fundi, huu ndio mwaka wa mwisho wa kuona vitu hivyo vikifanya kazi, na wewe kwa jina lako ulitaka kusubiri mpaka vipigwe marufuku.

Ratiba ya binti naikubali karibu yote. Mugello ni lazima, ule mteremko na mwendo wake. Assen ipo kwenye ratiba tangu 1949. Ujerumani nina sababu nyingine mbali na mpira: Sachsenring ina kona 13, kumi ni za kushoto. Bega la Márquez bovu ni la kulia, na mkono uliopasuliwa ni wa kulia. Hata kabla ya kuumia ule uwanja ulikuwa kama shamba la baba yake. Huko ndiko umpeleke mbele ya watu, siyo Jerez. Jerez ndiko mkono ulikovunjikia mwaka 2020, na mwaka jana alidondoka pia, akashinda Álex.

Kwa hiyo Jerez itoe. Weka Mandalika, 11 Oktoba, saa nne asubuhi, kibanda kilekile. Deni hulipwa palepale lilipokopwa.

---

BintiKigamboni

Mzee! Jerez ndiyo mbio ya kwanza ya Ulaya, watu mia elfu wamekaa mlimani wanapuliza mavuvuzela ya kwao. Anayetazama kwa mara ya kwanza atabaki. Na Álex alishinda pale ushindi wake wa kwanza kabisa daraja hili, huyo ndiye wa kuuza: mdogo mtu aliyeitwa "kaka wa Marc" miaka yote, mwaka huu anapewa Ducati sawasawa na ya timu ya kiwanda. Mandalika ikiharibika tena mara ya pili, Fundi atahama Tandika.

Kwani ile mbio ya Welkom, Afrika Kusini, ulitazama wapi, mzee? Uliwahi kuitaja kwenye mada nyingine hukuimaliza.

---

MzeeWaGerezani

Welkom, Aprili 2004. Ndugu yangu alikuwa akifanya kazi Afrika Kusini, akanirekodia kwenye kanda ya video, ikafika Dar baada ya miezi miwili ndani ya begi la mtu. Matokeo nilikuwa nimeshayajua na bado sikukaa kwenye kiti. Valentino Rossi ameondoka Honda akiwa bingwa, ameingia Yamaha ambayo hakuna aliyeitaka, mbio yake ya kwanza, kwenye ardhi ya Afrika. Yeye na mpinzani wake Max Biaggi mpaka mstari wa mwisho. Akashinda, kisha akaenda kuiegesha pikipiki pembeni ya uwanja, akakaa chini karibu nayo peke yake, kichwa kimeinama, helmeti hajavua. Hakurukaruka. Mwisho wa mwaka ule ndio mbio hizi zikaondoka Afrika, hazijarudi mpaka leo.

Kanda ninayo bado. Mashine ya kuichezea ndiyo sina.

Jerez mpe binti basi. Lakini Mandalika sitoi.

---

BoxerNyekundu

Mimi niko na Mzee, Mandalika. Nitakuja bure lakini, maana jero yangu iko huko tangu mwaka jana.

Na huyo Mturuki wa kubana breki anaitwaje tena? Nataka kumwandika kwenye tenki.

---

FundiShokapu
26 Januari 2026

BoxerNyekundu, ukitaka kumwandika kwenye tenki andika Toprak tu, hilo jingine litazunguka mpaka kwenye taa ya nyuma.

Wakuu, nimetoka kwa mama sasa hivi. Nilikwenda na karatasi: Jerez, Mugello, Assen, Sachsenring, Mandalika, Valencia. Akahesabu kwa kidole, akahesabu tena. "Fundi, hizi ni sita." Nikamwambia ya sita ni ya kulipa deni. Akanyamaza, akaenda nyuma ya kibanda, akarudi anaburuta jenereta lake dogo ambalo limekuwa linazima kila dakika kumi tangu Krismasi. Akasema nikiliponya kabla ya Aprili, sita ni zangu.

Nimelifungua jioni hii. Kabureta imekula kutu ndani, kile kielea kimetoboka. Nimejaribu kuziba, haishiki.

Mzee wangu, shikamoo. Kabureta ya jenereta dogo la kuvuta kamba utakuwa nayo hapo Gerezani?

---

MzeeWaGerezani

Marahaba. Ipo. Njoo kesho kabla ya saa sita na ile ya zamani mkononi tulinganishe matundu, na usinitajie bei uliyoona mtandaoni.